Mjadala: Je, fungu la usafi la mji mdogo ligharimie ngoma za madebe?

Mleta Mada: Ndugu wachangiaji, katika mji mdogo wa vijijini ambao fungu la usafi halitoshi hata mafuta ya gari la taka, je, ni haki sehemu ya fungu hilo wapewe wasanii wanaotengeneza ala za muziki na sanamu kutokana na taka? Mimi nasema hapana. Chupa iliyogeuzwa sanamu haijaondoka mjini, imehama tu kutoka jalalani hadi uwanjani, na huko tunaongezewa kelele za madebe.

Fundi Debe: Nilisoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye "kelele za madebe". Pipa la mafuta, kitako chake kikigongwa nyundo taratibu hadi kibonyee kama bakuli, kikagawanywa maeneo ya sauti, kikapashwa moto na kusawazishwa upya, huimba kwa usafi ambao vinanda vingi vya harusini havijaufikia. Watu wa Trinidad walianza na makopo ya biskuti na ya rangi, na leo pipa hilo ni ala ya taifa lao. Mleta mada amewahi kushika nyundo?

Mleta Mada: Nyundo na bajeti ni vitu viwili.

Mpenda Okestra: Namuunga mkono Fundi. Kuna kijiji kimoja cha Paraguay, Cateura kama sikosei, ambako Favio Chávez aliunda okestra ya watoto wanaopiga fidla za makopo, nao wamezunguka dunia. Kijiji kimeweza, sisi tunashindwa nini?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu yangu, Cateura si kijiji. Ni makazi yaliyo kando ya jalala la Asunción, ambao ni mji mkuu, na jalala la mji mkuu haliishiwi malighafi. Ukitaka mfano wa mashambani hasa, tazama Kamikatsu huko Japani, wenye watu takriban 1,500, ambao mwaka 2003 walitangaza nia ya kuacha kabisa kuchoma na kufukia taka na sasa wanatenganisha taka zao katika mafungu yapatayo 45. Pale mzigo wa kwanza ulikuwa wa mwananchi kuosha chupa yake na kuipeleka kituoni mwenyewe.

Fundi Debe: Kwa hiyo, Mwalimu, ngoma si kitu?

Mwalimu Mstaafu: Sikutaja ngoma, mwanangu.

Msukuma Mkokoteni: Mnabishana juu ya taka bila kumuuliza anayeziokota. Makopo ya alumini siwapi wasanii, kwa kuwa wanunuzi wake hawakosekani. Kinachonilemea ni chupa za plastiki, maana gunia zima limejaa hewa, mnunuzi yuko mbali, na nauli inameza faida kabla sijafika. Basi wasanii huja kuchukua vizibo, wakavibandika ubaoni kwa gundi na kuvipaka rangi, na picha inapendeza kwa misimu miwili. Rangi ikipauka, ubao unarudi kwangu. Niliupeleka mmoja kwa mnunuzi, akajaribu kubandua kizibo kwa kisu, kikatoka na kipande cha mbao, akanirudishia bila neno. Vizibo vile vikiwa peke yake angevipima kwa kilo.

Mpenda Okestra: Yaani sisi wasanii ni waharibifu?

Msukuma Mkokoteni: Nimesema gundi, sikusema msanii. Toboeni vizibo na kuvifunga kwa waya, ili siku ya kuvifungua nivipate vizima. Ngoma ya pipa sina ugomvi nayo, kwa sababu hata ikipasuka bado ni chuma. Na kama kuna fedha ya kugawa, inunuliwe mashine ya kubana chupa ziwe marobota, wasanii wapate kitakachobaki.

Mwalimu Mstaafu: Hii ndiyo hoja ya kwanza leo inayojibu swali la fungu.

Fundi Debe: Ya waya nakubali, na hata mashine naikubali. Ila mleta mada afute neno "kelele".

Mleta Mada: Nimelifuta. Badala yake someni "sauti kubwa". Sasa turudi kwenye mashine: nani atalipia umeme wake?

Fundi Debe: "Sauti kubwa" nayo siikubali.