Swichi 40 za mtandao za Cisco, kuna programu ya kuzisimamia zote?

Wakuu, kuongeza VLAN 30 tu (mtandao uliotengwa ndani ya swichi, namba 30) naingia swichi moja moja kwa SSH (kuingia kwa mbali na kuandika amri) mpaka jioni, jana nikaruka ya ghorofa ya 3 watu wakakosa mtandao. Mnafanyaje?

— Tumia Ansible mkuu, ni ya bure na haihitaji kuinstoli kitu kwenye swichi, inapita SSH hiyohiyo, unaandaa faili la YAML (maandishi ya kawaida yenye maagizo) na orodha ya IP za swichi basi. Jaribu kwenye 2 kwanza.

— Kwenye trunki (porti inayopitisha VLAN nyingi kati ya swichi) usisahau neno "add" kwenye "switchport trunk allowed vlan add 30", ukiliacha VLAN zingine zote zinatoka! Mimi huanza na "reload in 10" (swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10), nikijifungia nje swichi inajiwasha na konfigi ya zamani, ila usisevu mapema.

— Hiyo ya add sikuijua, asanteni sana.