Karantini: kununua chakula mara moja kwa siku 14, kisioze wala kuisha mapema

Sahani Tupu: Wakuu, heshima kwenu. Kaya yenye watu 4, ruhusa ya kutoka kununua chakula ni mara moja kila siku 14. Mboga hazifiki siku ya sita, unga una fukusi, na watu wanatafuna kutwa. Nipangeje?

Kinu na Mchi: Mkuu, hesabu kwanza, orodha baadaye. Mkila wali mara moja kwa siku, ni gramu 90 za mchele kwa kichwa, mara 4, mara 14: kilo 5. Maharage makavu gramu 70 kwa kichwa yanatosha, maana yakiiva uzito unazidi mara mbili. Ukibeba gunia kwa hofu unafuga fukusi tu.

Unga mara nyingi huja na mayai ya wadudu tayari. Ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, uulaze kwenye friza siku 4. Ukiutoa usifungue hapohapo. Subiri ubaridi uishe kabisa, la sivyo unavuta unyevu na kuota ukungu.

Ukoko: Mboga usizioshe kabla ya kuhifadhi, na sabuni usiiguse (kuosha mboga kwa sabuni ni mtindo wa 2020, wakati wa korona, sabuni inanywea na tumbo ndilo linalolipa). Toa majani yaliyolegea, yaliyobaki viringisha kwenye kitambaa kikavu, tia mfukoni, weka droo ya chini ya friji. Kitambaa kikilowa, badilisha. Ndizi mbivu na tufaha zikae mbali, zinatoa gesi ya ethilini inayoyafanya majani yawe manjano. Viazi na vitunguu navyo vitenganishe.

Majani yaliwe siku 4 za mwanzo, kisha nyanya na bilinganya. Kabeji, karoti na boga ni za wiki ya pili.

Sahani Tupu: Kabeji niikate robo robo?

Ukoko: Hapana. Bandua majani ya nje kadiri ya mlo. Kisu kikipita, pale palipokatwa panakuwa peusi.

Kinu na Mchi: Kuhusu kutafuna: pima vitafunwa vya siku nzima asubuhi, kila mtu na bakuli lake. Likiisha, limeisha. Na wali uliobaki usilale sufuriani. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa 1. Kuna bakteria wanaoacha sumu humo, na kuupasha moto hakuiondoi.

Sahani Tupu: Nimeelewa, wakuu. Friza ni ndogo, unga utaingia kwa zamu.