NMDA na kadherini-N: mbona utepe haubadiliki?

Swali: Salaam, wataalamu wa Mombasa. Nyuroni za hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) zikipewa NMDA (kemikali inayochochea kipokezi cha glutamati) mikromola 50 kwa dakika 5, kadherini-N (protini inayoshikanisha seli) juu ya utando wa seli inatarajiwa kuongezeka. Mbona utepe wake wa kDa 130 (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) kwenye bloti (kipimo cha protini kwa kingamwili) ni ule ule?

Jibu: Dada, utepe huo ni wa kadherini ya seli nzima. Kipokezi cha NMDA kikichochewa, kadherini haimezwi ndani kwa kasi ya awali, hivyo ya juu huongezeka ila jumla haiguswi. Tenga kadherini ya juu kwa biotini isiyopenya utando (lebo inayoshika protini za nje ya seli tu): sahani juu ya barafu, dakika 30, bafa ya fosfeti yenye kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu ikikosekana, kadherini hulegea. Trisi (bafa inayoshikana na biotini hiyo) ni ya kuzimia mwishoni tu. Ukiitia mapema itanyakua biotini yote. Na kwa unyevu wa huku pwani, tafadhali msifungue kichupa cha biotini kikiwa baridi. Umande huingia, unga ukafa kabla ya kazi. Kiache kwanza kipate joto la chumba.

Jibu: Naongeza. Maji ya kuchochea yasiwe na magnesiamu, maana huziba tundu la kipokezi. Tia glisini mikromola 10. Sahani moja iwe na AP5 (dawa inayozuia kipokezi cha NMDA) kama kidhibiti. Tumia kingamwili inayoshika mkia wa ndani wa kadherini, uone pia kipande cha kDa 40 hivi kinachobaki ADAM10 (kimeng'enya kinachokata protini) ikiikata kadherini.

Swali: Shukran. Na NCAM (protini nyingine ya kushikanisha seli za neva)?

Jibu: Tepe za kDa 120, 140 na 180. Ukiona moshi mrefu juu yake, ni asidi ya polisiali (mnyororo wa sukari ulioshikamana na NCAM). Iondoe kwanza kwa endo-N, kimeng'enya kinachokata mnyororo huo.