Programu ya hesabu imehesabu uhamisho wa fedha zangu kama mauzo: niainishe vipi miamala hii?

DukaLaVipuri_Busia

Salaam kwenu wote. Ninaendesha duka la vipuri vya pikipiki hapa Busia, upande wa Uganda, na tangu Julai mwaka jana nimekuwa nikitumia programu ya hesabu inayosoma taarifa ya benki pamoja na taarifa ya akaunti ya pesa za simu. Mauzo ya fedha taslimu ninayaingiza mwenyewe kutoka kwenye vitabu vya risiti. Mwaka wa hesabu umefungwa tarehe 30 Juni, na programu inaonyesha kwamba nimeuza bidhaa za shilingi 168,400,000, ilhali mauzo niliyoyaandikia risiti, ya taslimu na ya simu pamoja, nimeyajumlisha mara mbili na hayazidi 118,600,000.

Nadhani kosa ni langu, kwa sababu kila fedha iliyoingia niliiweka katika kundi la "mauzo", ambalo ndilo la kwanza katika orodha. Humo mna fedha ninazozitoa kwa wakala wa simu jioni na kuzipeleka benki asubuhi, mna mkopo wa shilingi milioni 10 kutoka chama chetu cha akiba na mikopo, na mna milioni 5.6 nilizozipata kwa kuuza ng'ombe wa nyumbani nikaziongeza dukani. Kinachonitia hofu ni kwamba mauzo yakizidi milioni 150 kwa mwaka ninatakiwa kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Je, niifute mistari hiyo? Na karo ya watoto niliyoilipa kutoka akaunti ya duka niiandike wapi?

Mchuuzi_Arua

Ndugu, mimi huifuta. Mstari usiohusu biashara hauna kazi katika hesabu za biashara.

Mhasibu_Jinja

Ndugu wa Busia, tafadhali usifute hata mstari mmoja. Kwa heshima ya ndugu yangu wa Arua, fedha iliyoingia benki imeingia, na ukiufuta mstari wake, salio la programu halitalingana tena na salio la benki. Siku utakapokaa kusuluhisha hesabu hutajua kama tofauti inatokana na ulichokifuta au na wizi. Mstari hubaki mahali pake. Kinachobadilishwa ni kundi lake.

Tuanze na tofauti yenyewe. Ukitoa 118,600,000 katika 168,400,000 unapata 49,800,000. Ondoa mkopo wa milioni 10 na fedha za ng'ombe milioni 5.6, zinabaki milioni 34.2, nazo bila shaka ni zile za kutoka simu kwenda benki. Mteja alipokulipa kwa simu uliandika mauzo, na shilingi ileile ilipofika benki ukaandika mauzo kwa mara ya pili. Huo ni uhamisho kati ya akaunti zako mwenyewe, hauongezi wala haupunguzi mapato. Kwa kuwa fedha hupitia mkononi mwako usiku mzima, fungua akaunti ya tatu uiite "kasha la fedha", kisha uandike uhamisho kutoka simu kwenda kwenye kasha, na mwingine kutoka kasha kwenda benki. Ukijaribu kuunganisha simu na benki moja kwa moja, programu itakataa kulinganisha mistari hiyo miwili kwa sababu tarehe hazifanani na mara nyingi hata kiasi hakifanani. Unapotoa shilingi 1,000,000 kwa wakala, akaunti ya simu hupungua kwa milioni hiyo, na juu yake ada ya kutolea pamoja na kodi ya asilimia 0.5, yaani shilingi 5,000. Milioni ni uhamisho, ada ni gharama, na kodi ni gharama pia, ingawa mimi huipa kundi lake ili mwisho wa mwaka mwenye duka aone jinsi vijisenti hivyo vinavyojikusanya.

Mkopo ni deni, wala si mapato. Unaporejesha, gawa kila malipo: sehemu inayopunguza mkopo huenda kwenye deni, na riba peke yake ndiyo gharama. Fedha za ng'ombe ni nyongeza ya mtaji wa mwenye biashara. Karo ni fedha alizochukua mwenye duka kwa matumizi yake, nazo hupunguza mtaji. Usiiweke kwenye gharama za duka hata kama mtoto hukusaidia kuuza wakati wa likizo.

Sasa uone kwa nini kundi moja tu, la mauzo, lina uzito. Kwa viwango vilivyowekwa Julai 2020, mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio, yaani ile inayopigwa kwa kuangalia mauzo badala ya faida, mwenye mauzo kati ya milioni 80 na milioni 150 na mwenye kumbukumbu, hulipa shilingi 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya kinachozidi milioni 80. Kwa mauzo yako halisi, hiyo ni shilingi 630,200. Asiye na kumbukumbu hulipa 900,000. Ukizipeleka milioni 168.4 kama zilivyo, unakuwa umejitoa mwenyewe katika mfumo huo na kuingia katika kodi ya kawaida ya mapato. Katika kodi ya makadirio gharama hazipunguzwi kabisa, kwa hiyo karo iliyowekwa mahali pasipofaa haibadilishi kodi yako ya mwaka huu. Itakudanganya tu kuhusu faida. Wengi huhangaika wiki nzima na kundi la mafuta na la chai ya wafanyakazi, huku upande wa fedha zinazoingia, ambao ndio unaokadiria kodi, ukiwa umeachwa ujiainishe wenyewe.

MamaVitenge_Tororo

Ninaongeza jambo moja kuhusu kanuni za kujiendesha ambazo programu hizi hupenda kukushawishi uzitumie. Mwenye nyumba yangu anaitwa Okello, nikaiagiza programu kwamba malipo yoyote kwa Okello ni kodi ya pango. Kwa mji huu wa Tororo, ambako akina Okello ni wengi, ndugu zangu, nilipaswa kufikiri zaidi! Kufikia Desemba fundi cherehani, mwenye bodaboda na mchukuzi wa mizigo kutoka Malaba walikuwa wamelipwa pango. Kanuni ifungwe kwa namba ya simu ya anayelipwa au kwa kiasi kisichobadilika, isifungwe kwa jina. Na kundi la "nyinginezo" liangaliwe kila Jumamosi, kwa sababu huko ndiko mambo yanakokwenda kujificha.

DukaLaVipuri_Busia

Nimewaelewa, asanteni sana. Swali dogo: wateja wa ng'ambo ya mpaka hunilipa kwa shilingi za Kenya, nami huzibadilisha baada ya siku kadhaa.

Mhasibu_Jinja

Fungua akaunti ya shilingi za Kenya peke yake. Mauzo yaandikwe kwa kiwango cha siku uliyouza, na ukibadilisha fedha kwa kiwango tofauti, kinachozidi au kupungua kiingie katika kundi la "tofauti ya kubadilisha fedha", kisiongezwe kwenye mauzo. Karatasi ya mbadilishaji fedha iwekwe pamoja na vitabu vya risiti, kwa kuwa sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

DukaLaVipuri_Busia

Nimerudi baada ya siku nne. Mauzo sasa yanasomeka 118,600,000, na benki na simu zote zinalingana. Kasha la fedha pekee lilipungukiwa shilingi 40,000, nikakumbuka kwamba ni za karatasi za bati nilizomnunulia mama mkwe na sikuziandika popote. Nimezipeleka kwenye fedha alizochukua mwenye duka.