Tupeane uzoefu: kisima cha mtaa karibu na bahari, mlifanyaje kisigeuke chumvi?

Wakuu, mi niko Sakina hapa Arusha ila nina kakiwanja Kigamboni, Dar, majirani wa kule wameniingiza kwenye grupu wanataka tuchangishane kisima kimoja cha mtaa, laki tano kila nyumba. Huku shida niliyokua nayo ni floraidi, madini ya kwenye maji yanayoharibu meno, meno yangu ya kahawia toka utotoni, hata nikikaa kimya nikicheka tu mtu anajua natokea Arusha. Chumvi ndo siijui kabisa. Mliowahi kuishi Pwani mwageni.

Wa Njiro: Kaka nilipanga Kunduchi miaka sita. Mwanzoni maji ya kisima tunapikia mpaka chai. Mwaka wa nne sabuni haitoi povu, unasugua kola ya shati mpaka vidole vinauma na uchafu uko palepale, koki zinaliwa na kutu. Mtaa ule kila mwenye geti alichimba chake halafu pampu zinanguruma mchana kutwa, sasa chini ya ardhi kule maji baridi yamekalia juu ya maji ya chumvi, ukivuta kwa pupa ya chini yanapanda. Yakishapanda umeumia, yanakaa miaka.

Fundi pampu, Majengo Moshi: Huyo kasema kweli. Sisi wa bara tumezoea maji yakikosekana unaongeza mita za kuchimba, ukifanya hivyo kule unayafuata ya bahari kwa hela yako. Fungeni pampu ndogo ivute taratibu usiku na mchana ijaze tenki kubwa, na maji yapimwe chumvi mara kwa mara hata kama mdomoni bado matamu. Kibali mnachukua bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu, msije mkachimba kienyeji.

Mama wa Kibosho: Mwanangu mi chumvi siijui ila kamati nazijua. Kwenye mfongo, mfereji wetu wa jadi, asiyekuja msaragambo, ile kazi ya pamoja, anajulikana siku hiyohiyo, ila tulipopata kioski cha maji, ndoo shilingi hamsini, pampu ikaungua tukauliza hela iko wapi, kumbe mwenyekiti kajikopesha. Miezi minne tukabeba ndoo kichwani. Siku hizi daftari linasomwa Jumapili watu wakitoka kanisani, kila mtu anasikia.

Wa Unga Ltd: Ongezeni na magata ya mvua jamani, kule kuna vuli na masika. Mwishoni mwa 2022 maji ya mto Ruvu yalivyopungua Dar nzima ikaingia kwenye mgao, shemeji yangu alikuwa ananunua dumu kama ananunua soda.

Mwenye uzi: Asanteni sana, mama shikamoo. Nimewapelekea kwenye grupu yote, pampu ndogo, tenki, daftari kusomwa hadharani. Jamaa mmoja kanijibu "we mtu wa Arusha maji ya Pwani unayajulia wapi". Nimemtumia picha ya meno.