Kuvuna maji ya mvua: mapipa ya bluu, tanki la kizimba au simtank la mtumba?

MkaziKimara: Wakuu, masika ndo hiyo na huku kwetu maji ya bomba ni ya mgao, mwaka huu sitaki kuyaangalia ya mvua yanaishia mtaroni. Bati langu ni kama mita za mraba 40. Nimeonyeshwa mapipa ya bluu ya lita 200, lile tanki jeupe la lita 1000 lenye kizimba cha chuma, na simtank la lita 2000 lina ufa ila bei rahisi sana. Nichukue lipi?

Fundi_Koki: Piga hesabu kwanza mkuu. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, so bati lako likipigwa na mvua ya milimita 25 hiyo ni lita 1000, toa zinazoruka na kuvuja kwenye gata unabaki na 800 hivi. Mapipa hayakutoshi. Chukua kizimba, koki inayo tayari chini, ila lipake rangi nyeusi au livishe turubai maana mwanga unapenya na maji yanaota ukijani. Na lijengee msingi, likijaa hiyo ni tani nzima.

MamaWawili: Kaka kabla ya yote uliza lilibeba nini!! Mimi niliuziwa mapipa muuzaji anaapa yalikuwa ya juisi, nimeosha kwa sabuni, nimeosha kwa maji ya moto, nimeanika jua wiki nzima, maji yakilala humo siku mbili yananuka tina ya rangi vilevile. Plastiki inanyonya, haitoki hiyo. Lebo ikiwa imebanduliwa achana nalo hata ukipewa bure, una watoto ndani.

Mdigo_Tanga: Simtank msilidharau jamani. Ufa ukiwa juu fundi wa kuchomelea plastiki anauziba vizuri, ukiwa chini karibu na kitako acha, uzito wote wa maji unasukuma pale. Mzee wangu tangi lake la bati lilioza kwa kutu, wakalivisha wavu wa kuku kwa ndani wakapiga plasta ya simenti, mpaka leo tunachota.

Neema_Mbagala: Na maji ya mwanzo msiyaingize, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kabla ya tanki simamisha bomba la inchi 4 lenye kifuniko chini, lijae kwanza ndo maji yaende tankini, kila mita 1 linashika kama lita 8, kwa bati hilo weka mita 2 na nusu. Mdomo wa tanki funga neti, mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia. Ya kunywa bado chemsha.

MkaziKimara: Asanteni sana. Nimerudi leo kuangalia, kizimba lebo imechunwa yote, nimeliacha. Simtank lilikuwa la maji tu nyumbani kwa mtu na ufa uko juu karibu na mfuniko. Fundi anakuja alhamisi, nikishaziba nalijaza siku hiyohiyo?

Mdigo_Tanga: Acha lipoe kabisa, kisha mwaga ndoo kadhaa pale kwenye ufa kwa nje uchungulie ndani kama panatoa jasho. Pakiwa pakavu unganisha gata na tanki.