Sensa ya joto la oili ya haidroliki: ninunue mpya halisi, ya kuiga au ya mtumba?

Mwana wa Jomvu
Salaam, ndugu zangu. Ekskaveta yangu inachimba mtaro upande wa Miritini, na tangu juzi skrini ya dereva inaonyesha taa ya joto la oili ya haidroliki, kisha mtambo unajipunguzia nguvu mpaka bumu, ule mkono mkubwa wa kuchimbia, linanyanyuka kwa kusuasua. Fundi amesema sensa imekufa. Sensa halisi nimetajiwa bei ambayo ni karibu mara nne ya ile ya kuiga, na kuna jamaa Changamwe mwenye ya mtumba. Kesho asubuhi nalipa. Ninunue ipi?

Fundi wa Bandarini
Kabla hujalipa, tueleze mtambo ni wa kampuni gani, ni wa mwaka gani na msimbo wa hitilafu ni upi, maana pasipo hayo tutakuwa tunapiga ramli. Katika mitambo inayotumia J1939, yaani mfumo wa mawasiliano kati ya kompyuta za mtambo, msimbo una sehemu mbili: SPN hutaja kitu kinachopimwa, na FMI hutaja aina ya hitilafu. SPN 1638 ndiyo joto la oili ya haidroliki. Ikiambatana na FMI 3, volti imepanda kupita kiasi, na aghalabu chanzo ni waya uliokatika au plagi iliyolegea. Ikiambatana na FMI 4, volti imeshuka, na hapo hushukiwa waya uliochubuka ukagusa bodi. Ukiona FMI 0 au 16, sensa huenda inasema kweli na oili yenyewe ndiyo iliyopata joto kupita kiasi.

Binti wa Spea
Mimi nauza spea, kwa hiyo mnipime kwa jicho hilo. Hata hivyo, nashikilia sensa halisi. Ya kuiga huingia kwenye tundu lile lile na plagi ikakaa sawasawa, lakini ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu, ukitofautiana na ule ambao kompyuta ya mtambo imefundishwa kuusoma, utaonyeshwa nyuzi za joto ambazo hazipo.

Mzee wa Kisauni
Kijana, mimi nilinunua zote mbili. Nilikuwa na kazi Likoni, hatua chache kutoka baharini, na taa ilipowaka nikafunga sensa ya kuiga, ikazimika siku mbili, ikarudi. Nikajikaza nikanunua halisi. Ikazimika siku tatu, ikarudi vile vile. Mtambo ulisimama karibu wiki nzima huku mwenye kazi akinipigia simu kila saa. Mwishowe kijana mmoja wa umeme aliikamata ile plagi, akaivuta taratibu, na waya ukamfuata mkononi kama uzi uliooza: nje plastiki nzima kabisa, ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Dereva wangu alikuwa akiosha injini kwa maji ya presha kila Ijumaa, na hewa ya chumvi ikamalizia. Tulikata kipande kama cha shibiri moja, tukaunga kwa risasi na plagi mpya. Zile sensa mbili ningali nazo kwenye droo.

Fundi wa Bandarini
Mzee amesema kweli tupu. Kama sensa ni ya waya mbili, chomoa plagi huku swichi ikiwa imewashwa: usomaji ukishuka kwenye baridi ya mwisho, na ukiunganisha zile waya mbili upande wa mtambo ukapanda kwenye joto la mwisho, basi waya na kompyuta ni wazima na kosa liko kwenye sensa.

Baharia Mstaafu
Mimi naona mnazunguka. Kwa joto la Mombasa, oili ya haidroliki ya daraja la uzito la 46 ni nyepesi mno, aweke 68.

Fundi wa Bandarini
Daraja la oili huamuliwa na kitabu cha mtambo. Zaidi ya hapo, kabla ya kugusa oili asafishe kipozeo cha oili, kwani vumbi la matumbawe likichanganyika na mafuta huziba matundu kama saruji.

Baharia Mstaafu
Nimetumia 68 miaka mingi na sijajuta.

Mwana wa Jomvu
Nashukuru. Msimbo dereva aliufuta kabla sijauandika. Leo alfajiri, mtambo ukiwa umelala usiku kucha, nimepima sensa kwa mita nikapata kilo-omu 1.8. Je, ni mbovu?

Fundi wa Bandarini
Kwa sensa ya aina inayosoma kilo-omu 2.5 kwenye nyuzi 20, kipimo hicho hakina kasoro kwa alfajiri ya hapa Pwani. Ichovye kwenye maji yanayochemka, ambayo hapa usawa wa bahari ni nyuzi 100. Inapaswa kushuka hadi karibu omu 190. Lakini kuna aina nyingine zenye vipimo tofauti kabisa, na ndiyo sababu nilikuuliza tangu mwanzo: mtambo ni upi?

Mwana wa Jomvu
Kibao cha namba kiling'oka zamani. Ila rangi yake ni ya manjano.